Miraa si Dhahabu Wala si Mihadarati: Swali Lililoulizwa Vibaya Laare

Kuna mazungumzo ambayo kila mkazi wa Laare ameyasikia mara nyingi hata anaweza kuyakariri. Wanaume wanne au watano wameketi nje ya duka adhuhuri, magari ya miraa yakiwa yameshaondoka kuelekea Nairobi. Wa kwanza anailaumu serikali. Wa pili anasema kwamba vijana wa siku hizi hawataki kazi. Wa tatu anatoa rununu mfukoni na kuwasomea wenzake bei ya leo aliyotumiwa na dalali wake. Wa nne analalamika kwamba hajapata usingizi kwa siku tatu na moyo unamdunda kifuani. Siasa, kazi, teknolojia na afya zimekwisha kujadiliwa kabla ya chai kupoa, na zote zinahusu mmea mmoja. Hata hivyo, yule wa nne hatasema kwamba kukosa usingizi kwake kuna uhusiano na mmea huo, na wenzake hawatamwuliza. Nimezaliwa na kulelewa katika mji huo. Nimeketi katika vikao hivyo tangu utotoni, na mimi pia sikuwahi kumwuliza mtu.

Makala haya yana dai moja. Tunashindwa kusema ukweli kuhusu miraa kwa sababu, pamoja na sababu nyingine nyingi, hatuna lugha ya kuusemea. Na sisi tunaojiita wanafunzi na walimu wa Kiswahili tumechangia upungufu huo. Najua wapo watakaosema kwamba suala hili ni la madaktari, wanauchumi na wanasiasa. Nawaomba wanivumilie kwa muda, maana nitaanza na kisa kilichotokea mbele ya macho yangu.

Mwaka juzi nilimsindikiza binamu yangu hadi zahanati moja. Binamu huyo amekuwa mchumaji wa miraa tangu alipoacha shule, na kwa majuma kadhaa alikuwa akisumbuliwa na kichwa na kizunguzungu. Tabibu aliyetupokea alikuwa kijana mpole, mgeni katika sehemu zetu, na kwa hiyo mahojiano yakafanyika kwa Kiswahili. "Unavuta sigara?" "Hapana, daktari." "Unakunywa pombe?" "Kidogo tu, wakati wa sikukuu." "Unatumia dawa za kulevya?" Hapo binamu yangu akajinyoosha kitini kama mtu aliyetukanwa. "La hasha, daktari! Mimi ni mtu wa familia." Tabibu akaandika. Akapima shinikizo la damu, akaliona liko juu kuliko inavyotarajiwa kwa mtu wa umri wa miaka thelathini na mmoja, akatoa vidonge na kumtaka arudi baada ya mwezi. Muda huo wote mfuko wa koti la binamu yangu ulikuwa umetuna kwa miraa aliyoichuma alfajiri, na shavu lake la kushoto halikuwa tupu kabisa.

Hakuna aliyesema uongo katika mazungumzo hayo. Tabibu aliuliza kwa Kiswahili cha fomu, naye mgonjwa akajibu kwa Kiswahili cha Laare, ambamo miraa ni shamba, ni karo, ni mahari na ni chakula cha jioni, na haijapata hata siku moja kuwa dawa ya kulevya. Aliyekosa zaidi ni mimi. Nilikuwa nimeketi pale kwenye benchi na shahada yangu ya kwanza ya Kiswahili, nikijua kilichoulizwa na kilichosikika, nikanyamaza kwa kuona haya.

Tulitazame swali lenyewe. Kitenzi "kulevya" kinatokana na "lewa", na mlevi kwa kawaida ni mtu aliyepoteza mhimili: anapepesuka, anasinzia, ulimi unamwia mzito. "Mihadarati", neno ambalo vyombo vya habari vya Kenya vinalipenda zaidi, limetujia kutoka Kiarabu, na mzizi wake unahusu kutia ganzi na kufisha hisia. Anayekula miraa hapepesuki wala haoni ganzi. Yuko macho kuliko unavyotaka awe. Anaongea, anapanga miradi ya kujenga ghorofa, anahesabu fedha ambazo hajazipata. Ndiyo maana vijana wa mijini wanaziita porojo za namna hiyo "stori za jaba". Ukimwuliza mtu kama huyo iwapo amelewa, atakujibu kwa haki kabisa kwamba hajalewa. Watafunaji wenyewe wana neno "handasi" kwa hali hiyo ya kuchangamka kupita kiasi. Wenzetu wa kitivo cha uhandisi huenda wakashangaa kulisikia neno linalofanana hivyo na la kwao likiwa limeketi juu ya gunia katika soko la Muringene.

Neno jingine la kutazamwa ni "uraibu". Leo tunalitumia katika insha na vipeperushi kwa maana ya kutawaliwa na kitu kibaya, na "mraibu" amekuwa mtu wa kuhurumiwa au kukamatwa. Kamusi za zamani zinalieleza neno hilo kwa namna nyingine: uraibu ulikuwa ule mchanganyiko wa kutafunwa, yaani tambuu, popoo, chokaa na tumbaku, ambao mwenyeji wa pwani alimkaribishia mgeni wake barazani. Kwa hiyo neno letu la lawama lilianza kama neno la ukarimu, tena la kutafuna! Wazee wa Kimeru wangelielewa bila kufafanuliwa, kwa sababu miraa iliyofungwa kwa heshima ilikuwa sehemu ya posa na ya vikao vya wazee. Silitaji hili ili kuitetea miraa. Nataka kuonyesha kwamba Kiswahili kilikuwa na nafasi ya kuzungumzia kitu kinachotafunwa bila kukitukuza wala kukilaani, na kwamba nafasi hiyo tumeiacha ikazibwa na tafsiri za nyaraka za Kiingereza.

Nyaraka zenyewe, ukizichunguza, hazikubaliani. Mmea huu mmoja unaitwa miraa kwetu, mirungi Tanzania na sehemu za pwani, mairungi Uganda, na aina yake ya majani mafupi inayokuzwa hasa Mbeere katika Kaunti ya Embu inaitwa muguka. Nchini Kenya miraa ni zao linalotambuliwa na sheria ya mimea ya mwaka 2013, na marekebisho ya mwaka 2016 yaliilazimu serikali kulisimamia na kuliendeleza. Vuka mpaka wa Namanga, na kifungu kilekile, kikiwa bado kibichi ndani ya jani lake la mgomba, kimegeuka dawa ya kulevya kwa mujibu wa sheria ya Tanzania ya mwaka 2015. Kimataifa mambo ni ya ajabu zaidi. Kathinoni, kemikali iliyomo katika jani bichi na ndiyo inayoleta handasi, imo katika jedwali la kwanza la mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971, pamoja na vitu vinavyodhibitiwa vikali kabisa. Lakini mwaka 2006 kamati ya wataalamu ya Shirika la Afya Duniani iliona kwamba hakuna haja ya kuuweka mmea wenyewe chini ya udhibiti huo. Mkulima wa Laare, iwapo angeelezwa haya kwa lugha anayoielewa, angekuwa na haki ya kucheka.

Tatizo ni kwamba haelezwi. Mwaka 1945 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuzuia miraa, nayo ilikuwa kwa Kiingereza. Januari 2013 baraza la wataalamu wanaoishauri serikali ya Uingereza kuhusu dawa za aina hii lilipendekeza miraa isipigwe marufuku. Julai mwaka huohuo waziri wa mambo ya ndani, Theresa May, akaamua kinyume. Na tarehe 24 Juni 2014 marufuku ikaanza kutekelezwa. Uholanzi ilikuwa imekwisha kufunga mlango wake mwanzoni mwa 2013. Ripoti ya wataalamu wale ilieleza madhara gani yana ushahidi na yapi hayana. Sijapata kuiona ikisomwa kwa Kiswahili katika kikao chochote Laare, ilhali ni mkusanyiko wa maarifa yanayomhusu mtu wa Laare kuliko wa London. Kilichofika kwetu ni tangazo la marufuku na kushuka kwa bei. Pengo lililoachwa na maarifa likajazwa na mwanasiasa aliyepanda juu ya gari na kipaza sauti kusema kwamba wazungu wanatuonea wivu.

Tangu hapo siasa ya miraa imekuwa ya milango kufungwa na kufunguliwa. Somalia ilizuia ndege za miraa kwa siku chache Septemba 2016, ikazizuia tena Machi 2020 wakati wa korona, na biashara hiyo haikurejea hadi Julai 2022. Kwa zaidi ya miaka miwili watu walikaa wakitazama miti yao. Katika kipindi kama hicho usitarajie mtu azungumze nawe kuhusu madhara ya miraa kiafya. Atakuona umetumwa.

Mei 2024 zamu ikawa ya muguka. Gavana wa Mombasa aliupiga marufuku katika kaunti yake, Kilifi na Taita Taveta zikafuata, na hoja kuu ilikuwa kwamba majani hayo yanauzwa kwa bei rahisi mno na yanafika mikononi mwa watoto. Viongozi wa Embu wakaenda kwa Rais, naye akasema kwamba marufuku hizo hazina nguvu ya kisheria kwa vile muguka unatambuliwa na sheria za nchi; Mahakama Kuu ya Embu ikasimamisha amri za Mombasa na Kilifi kwa muda. Niliyafuatilia majibizano hayo kwa makini, nikitumaini kwamba kwa mara ya kwanza tungepata mjadala wa kweli kwa Kiswahili, kwa kuwa waliokuwa wakivutana ni mama wa Mombasa na mkulima wa Mbeere, watu wawili ambao lugha yao ya pamoja ni hiyo tu. Tulichopata ni makombora mawili. Upande wa pwani: "sumu". Upande wa mlimani: "dhahabu ya kijani". Mama aliyesema kwamba mwanawe hali wala halali hakujibiwa na yeyote; alijibiwa kwamba muguka unasomesha watoto wa Embu. Ni kweli unawasomesha, lakini hilo silo alilouliza.

Hapa sina budi kuwakosoa watu wangu wenyewe, ingawa najua nitaulizwa likizoni. "Dhahabu ya kijani" ni msemo wa uongo hata kwa wale wanaouimba. Dhahabu haiozi. Nguvu ya miraa huanza kupungua punde tu baada ya kuchumwa, na baada ya siku mbili hivi haina thamani ya kutajwa. Kwa sababu hiyo kila kitu katika kazi hii kinafanywa kwa pupa. Wachumaji huingia shambani alfajiri. Vifungu hufungwa kwa migomba ili visikauke. Magari hukimbizwa kutoka milima ya Nyambene hadi uwanja wa ndege wa Wilson kwa mwendo ambao kila msafiri wa barabara ya Meru anaujua na kuuogopa. Mti wenyewe unapendelea mchumaji mwepesi, anayeweza kupanda hadi matawi ya juu bila kuyavunja, na mtu mwepesi mara nyingi ni mvulana ambaye saa hiyo alipaswa kuwa darasani. Jioni ana fedha mkononi kuliko mwalimu msaidizi aliyemkosa asubuhi. Nilisoma na wavulana wa namna hiyo. Darasa la tano tulikuwa wengi; darasa la nane, upande wa wavulana, viti vilikuwa vya kuchagua.

Hao hawamo katika "dhahabu ya kijani" wala katika "mihadarati". Neno la kwanza linamwona mkulima na bei yake. La pili linamwona mtumiaji na aibu yake. Mvulana juu ya mti, dereva anayetafuna ili asisinzie, mwanamke anayeuza muguka katika kibanda cha mbao Mombasa ili apate kodi ya nyumba, wote wanabaki bila jina. Hata fasihi yetu haijawasaidia. Katika Kigogo ya Pauline Kea tunamwona Mamapima na pombe yake, na riwaya zetu nyingi za vijana zina kijana aliyeharibiwa na dawa za kulevya akafa au akatubu. Bado sijasoma riwaya ya Kiswahili ambayo mhusika wake mkuu anachuma miraa na kuila, anaipenda, inamlisha, inamnyima usingizi, na mwandishi hana haraka ya kumwadhibu.

Kuhusu teknolojia nitasema machache. Simu imebadilisha biashara hii kuliko sheria yoyote. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, malipo hayahitaji tena kusubiri mtu arudi na mfuko wa fedha. Oda hutumwa usiku, picha ya vifungu hutangulia gari. Wanaofanya hivyo huandika Kiswahili kila siku, kingi na chenye uhai, bila kutuomba ruhusa. Sisi tuliwaandalia neno "arafa", na sijamsikia dalali hata mmoja akilitamka. Wao wana majina ya daraja za miraa kwa ubora, kwa urefu wa kijiti, kwa umri wa mti, ikiwemo ile ya miti mikongwe iitwayo mbaine. Hiyo ni istilahi kamili ya kitaaluma, iliyokuzwa na watu ambao baadhi yao hawakumaliza shule ya msingi. Kama imeingia katika kamusi yoyote ya Kiswahili, mimi sijaiona.

Nirudi kwa binamu yangu. Alirudi zahanati baada ya mwezi, shinikizo likiwa palepale. Safari hii alipokelewa na muuguzi wa makamo kutoka Embu, ambaye Kimeru chetu cha Igembe hakukimudu, akalazimika naye kutumia Kiswahili. Hakufungua fomu. Alimtazama mashavu, akauliza, "Mwanangu, miraa unakula ya pesa ngapi kwa siku?" Binamu yangu akataja kiasi bila kusita, kama mtu aliyeulizwa bei ya unga. "Unaanza saa ngapi?" "Asubuhi tukichuma, mama. Halafu tena jioni." "Na usiku unalala saa ngapi?" Hapo akanyamaza kidogo. "Mama, silali." Kisha, bila kuulizwa, akaeleza juu ya chakula kisichopita, choo kigumu, na hasira anazowafanyia watoto asubuhi. Muuguzi hakumwambia aache kazi wala hakuitukana miraa. Alimweleza kwamba jani hilo hupandisha mapigo ya moyo na shinikizo la damu, kwamba anameza kidonge cha kushusha huku akitafuna kitu cha kupandisha, na kwamba kwa kuanzia aiache ile ya jioni. Kila neno alilolitumia limo katika Kiswahili cha kawaida.

Nimelifikiria sana swali lile la pesa ngapi. Halikuhitaji istilahi mpya. Lilihitaji mtu anayejua kwamba miraa hupimwa kwa fedha na si kwa gramu, kwamba huliwa na haitumiwi, na kwamba anayeila hajioni mwenye hatia. Maarifa hayo ni ya kiisimu na ya kifasihi kama yalivyo ya kitabibu. Ni maarifa ya namna watu wanavyosema, nasi ndio tunaodai kuyasomea. Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi, na kila mwaka tunaishangilia ibara hiyo ya saba katika makongamano yetu. Wakati tunaishangilia, fomu ya zahanati inaendelea kuuliza swali ambalo mgonjwa hawezi kulijibu kwa ukweli, na kanuni za zao lake zinaendelea kumfikia kupitia kinywa cha mwanasiasa.

Wapo wahadhiri watakaonijibu kwamba kazi ya idara si kutafsiri vipeperushi vya afya. Nakubali kwa kiasi. Lakini tumekubali tasnifu juu ya majina ya matatu na mabango ya maduka, na sioni kwa nini msamiati wa watu wanaochuma, kufunga, kusafirisha na kutafuna miraa uonekane duni kuliko huo. Mtu akiukusanya vizuri, tabibu atautumia, mwandishi wa riwaya atautumia, na pengine karani wa bunge la kaunti pia. Sipendekezi tubuni neno moja la kuondoa mengine. "Kichangamsho" ni neno zuri, linaiweka miraa karibu na kahawa na majani chai ambayo Meru pia inayakuza, lakini likitumiwa ovyo nalo litakuwa kisingizio. Kikombe cha kahawa hakijamtoa mvulana darasani.

Likizo hii ninarudi Laare na daftari. Nitaanza na wachumaji, kwa kuwa hao nawajua kwa majina, kisha madereva wakikubali kusimama. Maswali nimeyaandika upya mara tatu, na lile la dawa za kulevya nimelifuta. Upande wa muguka sina mwenyeji. Msomaji yeyote anayetoka Mbeere, au mwenye ndugu anayeuza kule Mombasa, na aniandikie kupitia kwa mhariri kabla vyuo havijafungwa.